Njoo Ushike Hapa

Amri ya nne, kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo ya Martin Luther tunayofundishwa katika kipaimara, inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Watoto wengi huiona kuwa ngumu kwa sababu wazazi huwatuma sana, au huwanyima ruhusa ya mambo wayapendayo. Kwangu mimi ugumu wake ulikuwa wa namna nyingine. Mama nilikuwa naye, na kumheshimu hakukunipa taabu. Lakini baba ningemheshimu vipi, wakati sikujua aliko, wala sikujua kama yu hai?

Naandika haya kwa sababu katika sharika zetu wapo wavulana wanaokaa mabenchi ya nyuma na swali hilohilo mioyoni. Wapo pia akina mama wanaowalea peke yao, nao wana hofu yao: huyu mwanangu atajifunza wapi kuwa mwanamume? Sina jibu la kuwatosha wote. Ninaloweza kufanya ni kueleza jinsi Mungu alivyonijibu mimi, na kwa mikono ya akina nani.

Nilizaliwa mwaka 1990 Machame, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Baba alikuwa kitinda mimba kwao. Kwa desturi yetu Wachagga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki nyumbani kwa wazazi. Ndiye anayerithi kihamba chao, na ndiye anayewatunza uzeeni. Kwa hiyo tuliishi kwa bibi, mama mzazi wa baba, na nyumba zetu zilitenganishwa na safu moja tu ya migomba. Babu alikuwa amekwisha kufariki.

Kihamba kilikuwa kidogo na kahawa haikutosheleza mahitaji. Mwaka 1996 baba alishuka kwenda Mererani kutafuta tanzanite, kama walivyofanya vijana wengi wa mlimani. Usiku, ukisimama nyuma ya nyumba yetu na kutazama tambarare, unaona taa za uwanja wa ndege wa KIA. Mama alikuwa akinionyesha na kusema, "Baba yako yuko mbele ya zile taa." Krismasi ya mwaka ule alirudi, na ya mwaka 1997 pia alirudi. Aliniletea viatu vilivyonizidi, akasema vitanisubiri.

Aprili 1998, katika msimu ule wa mvua za El Niño, maji yalijaa katika mashimo ya Mererani na wachimbaji wengi wakafa. Tangu hapo hatukupata habari za baba. Baba mkubwa alikwenda kumtafuta, akarudi bila mwili na bila jibu. Mwingine alisema alimwona Arusha miezi miwili baada ya mafuriko. Mwingine alisema amevuka mpaka kwenda kusini. Ukoo haukuweka matanga, maana hatungeweza kumlilia mtu ambaye huenda yuko mahali anakula.

Hivyo mama hakuwa mjane, wala hakuwa mke mwenye mume. Mimi sikuwa yatima, wala sikuwa mtoto mwenye baba. Usharika ulipoandika majina ya wajane na yatima kwa ajili ya msaada wa diakonia, jina letu halikujua likae wapi. Shuleni fomu zilikuwa na mstari wa jina la baba, na pembeni mahali pa kujaza kama yu hai au amefariki. Mwalimu aliniambia niulize nyumbani. Nilipouliza, mama alichukua kalamu, akaandika jina, akaacha sehemu ya pili wazi. "Waambie hapo anapajua Mungu," alisema.

Wageni hawajui kwamba kwa mtoto wa Kilimanjaro asiye na baba, wakati mgumu kuliko yote ni Krismasi. Ndipo wanaume wote wa mlima wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko. Barabara zinajaa magari, na kila kihamba kinachinja. Wanaume hukusanyika chini ya migomba, na nyama hugawanywa kwa utaratibu: kila kipande kina mwenyewe, kwa umri na kwa undugu. Mvulana husimama karibu na baba yake, ashike mguu wa mbuzi, apokee sahani, aone. Mimi sikuwa na mahali pa kusimama. Si kwamba kuna aliyenifukuza. Nilikuwa nasimama popote, na anayesimama popote yuko njiani pa kila mtu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watu wengi huisema methali hii bila kugundua kwamba haikumtaja baba. Wazee wetu walijua kwamba darasa la kwanza la kila mtu, awe wa kike au wa kiume, liko kwa mama. Kwangu darasa hilo halikufungwa hata siku moja. Mama alikuwa akiuza ndizi sokoni. Akikopa mia tano kwa jirani, aliirudisha siku aliyosema, hata kama siku hiyo tungelala na uji. Na katika miaka yote ile sikumsikia akimtukana baba mbele yangu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa gharama ya kunyamaza huko. Kutimiza neno na kuzuia ulimi ni mambo mawili ambayo watu huyaita ya kiume. Mimi niliyaona kwanza kwa mwanamke mwenye kanga, akirudi sokoni na beseni kichwani.

Maandiko yanashuhudia jambo hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 tunaambiwa kwamba baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na habari zake zinaishia hapo. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake, Loisi, na kwa mama yake, Eunike. Wanawake wawili walimlea mchungaji. Mama unayelea peke yako, usikubali kuambiwa kwamba huna cha kumpa mwanao wa kiume. Loisi na Eunike wanakukatalia.

Hata hivyo habari ya Timotheo haikuishia kwa mama na bibi. Alikuja mwanamume mwingine, akamchukua safarini, akamtuma, akamwamini, akamwita mwanangu. Mama yangu alilijua hilo. Hakujifanya anatosha kwa kila kitu.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilitangazwa siku ya kusafisha mfereji. Maji yetu ya kumwagilia hutoka juu mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani, na kila nyumba inayotumia maji hupeleka mtu kuzibua na kutengeneza kingo. Asiyepeleka mtu hutozwa faini. Kwa desturi kazi hiyo ni ya wanaume. Mama alinipa jembe la bibi, akaniambia, "Nenda. Wakiuliza umetoka nyumba gani, taja jina la baba yako."

Nilikwenda, nikasimama popote kama kawaida yangu. Wanaume walikuwa wakitania na kugawana sehemu za kazi. Mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala aliyekaa mtaa wa pili, alikuwa anaburuta gogo ili kuziba mahali ukingo ulipobomoka. Alinitazama mara moja tu. Hakuniuliza habari za baba, wala hakunionea huruma. Alisema, "Njoo ushike hapa."

Nikashika. Gogo lilikuwa zito kuliko nguvu zangu, naye alijua. Alichukua upande mzito, akaniachia upande mwepesi, lakini aliuacha uwe na uzito wa kweli. Tulipomaliza alinionyesha jinsi ya kushindilia udongo kwa kisigino, kisha akaendelea na kazi yake. Jioni, majina ya nyumba zilizohudhuria yalipoitwa, jina la baba liliitwa, nami nikaitika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1998 jina lile kuitwa mbele za watu na kupata mwitikio.

Wiki iliyofuata mzee yule alituma mtu amwambie mama kwamba anahitaji mtoto wa kumshikia mbao siku za Jumamosi. Nilifanya naye kazi hiyo miaka sita. Nilijifunza randa, patasi na msumeno. Nilijifunza kuutambua mringaringa kwa harufu, na kutokuamini jicho wakati pima maji ipo. Lakini mengi niliyojifunza hayakuwa ya mbao. Niliona jinsi mwanamume anavyoongea na mke wake wakati hakuna wageni. Niliona jinsi anavyolala njaa kidogo ili mtoto ashibe, bila kutangaza. Siku moja mama mmoja alirudisha meza iliyoyumba. Fundi aliipima, akaona kosa ni lake. Mbele yangu, na mbele ya vijana wawili waliokuwa wakipiga soga pale, alimwambia yule mama, "Nisamehe, nitakutengenezea nyingine." Alitengeneza nyingine kwa mbao zake mwenyewe. Vijana walicheka alipotoka. Mimi sikuona cha kucheka. Nilikuwa nimemwona mwanamume mzima akiomba msamaha, na hakupungua hata inchi moja.

Baba mkubwa naye alikuwa na sehemu yake. Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima hapa: kaka wa baba hatumwiti kwa jina lingine, tunamwita baba, mkubwa au mdogo. Maana yake ni kwamba mtoto hakukusudiwa kuwa na baba mmoja tu. Baba mkubwa hakuwa mtu wa maneno matamu, na watoto wake saba walimmaliza mfukoni. Ada yangu hakuweza kuilipa. Lakini Krismasi ya mwaka ule wa mfereji aliniita chini ya migomba, akanipa kisu na jiwe la kunolea. Kisha akanifundisha kugawa: kwanza bibi, kisha wazee, kisha wageni, kisha watoto, na mwenye kisu mwisho. "Ukiona mwenye kisu anaanza na sahani yake," alisema, "huyo usimpe nyumba." Nimesikia mahubiri mengi juu ya mwanamume kuwa kichwa cha familia. Sijasikia yaliyonifafanulia vizuri kuliko kisu kile.

Nisije nikaeleweka kwamba njia ilikuwa nyororo. Nilipofika miaka kumi na sita niligundua kwamba mvulana asiye na baba hakosi walimu. Wapo wengi, na wana muda. Pale kijiweni walikuwepo waliokuwa tayari kunifundisha kwamba mwanamume ni yule asiyelia, asiyerudi nyumbani mapema, anayehesabu wasichana na chupa. Hawakuwa watu wabaya wote. Baadhi yao walikuwa kama mimi, wanangoja mtu awaite. Tofauti yetu ilikuwa ndogo sana: mimi niliitwa mapema zaidi. Jumamosi nilikuwa na ubao wa kushika. Wao Jumamosi walikuwa na kijiwe. Namshukuru Mungu kwa ubao ule, na sijivunii, kwa kuwa sikujiita mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye amri ya nne. Katika darasa la kipaimara nilimuuliza mwinjilisti wetu swali langu. Nilitegemea aniambie kwamba Mungu ndiye baba wa yatima, kama Zaburi ya 68 inavyoshuhudia, na kwamba hilo linatosha. Ni kweli, nami naliamini. Lakini yeye aliniuliza, "Baba yako angekuwepo, kazi yake ingekuwa nini?" Nikamjibu kwamba yeye ni kitinda mimba, kwa hiyo kazi yake ingekuwa kumtunza bibi. Akasema, "Basi umekwisha kujua pa kumheshimia."

Neno hilo lilinichukua miaka mingi kulifanya. Bibi alikuwa anazeeka. Kukata majani ya ng'ombe wake, kumchotea maji, kuziba paa lake, na baadaye kumbeba kumpeleka jua la asubuhi, yote hayo yalikuwa ya baba. Nilipoyafanya, wakati mwingine nilikuwa na uchungu: kwa nini nifanye mimi ya mtu aliyeondoka? Nilimwambia Mungu hivyohivyo katika sala, bila kupamba. Sikupata sauti kutoka mbinguni. Ila kadiri nilivyozoea kazi ile, baba alianza kubadilika ndani yangu. Zamani alikuwa mtu aliyetuacha. Polepole akawa mtu ambaye kazi yake naifahamu kwa uzito wake. Huwezi kubeba mzigo wa mtu kila siku ukabaki unamchukia vilevile. Mikono inaufundisha moyo.

Bibi alifariki mwaka 2013. Ukoo ulinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani. Jambo dogo lilizua mjadala: marehemu ameacha watoto wangapi? Waliokuwepo msibani walikuwa wanne. Baadhi ya ndugu walisema tuandike wanne, tusilete maswali mbele ya watu. Wengine walisema tuandike watano. Mwishowe baba mkubwa akasema, "Mwenye kumwandika ni mwanawe." Wakanitazama.

Niliandika watano. Sikuandika kwamba yu hai, maana sijui. Sikuandika kwamba amefariki, maana sijui. Niliandika tu kwamba mama huyu alizaa watoto watano, nikayataja majina yao kwa kufuatana, na la mwisho likawa la baba. Kaburini, ilipofika zamu ya kitinda mimba kutia udongo, mzee wa ukoo aliita jina lake, nami nikatoka. Fundi wangu alikuwa amesimama kule nyuma, mzee sasa, akiegemea fimbo. Siku ile nilielewa kwamba nimeishika amri ya nne, si kikamilifu, lakini kweli. Na nikaelewa pia kwamba uanaume niliokuwa nautafuta kwa baba ulikuwa umenijia vipande vipande, kwa watu mbalimbali, kupitia kazi zao.

Biblia inamtaja fundi mmoja ambaye hahubiriwi sana. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 7, Sulemani alimleta Hiramu kutoka Tiro kuja kufanya kazi za shaba za hekalu. Tunaambiwa alikuwa mwana wa mjane wa kabila la Naftali, na kwamba baba yake alikuwa fundi wa shaba. Ndiye aliyesubu zile nguzo mbili kubwa za ukumbi wa hekalu, Yakini na Boazi. Kila mtu aliyeingia kuabudu alipita kwenye kazi ya mtoto wa mjane. Hatuambiwi ni nani aliyemfundisha mpaka akafika pale. Labda ni baba kabla hajafa, labda ni mafundi wenzake wa Tiro. Lakini shaba hujifunzwi kwa kusimuliwa. Yupo aliyempa koleo akamwambia ashike.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza nanyi, baba zangu na kaka zangu wa usharika. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamwagiza mwenye shamba kwamba akisahau mganda shambani asiurudie, bali auachie mgeni, yatima na mjane. Tazama vizuri agizo hilo. Mwenye shamba hakuambiwa amfuate yatima nyumbani akamhutubie. Aliambiwa aache ndani ya kazi yake nafasi ambayo yatima anaweza kuingia na kuokota kwa mikono yake. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Fundi, acha upande mmoja wa ubao. Mkulima, acha mstari mmoja wa kahawa. Mnada wa mavuno ukifika baada ya ibada, mwite kijana akusaidie kuhesabu. Usiongeze jambo jipya katika ratiba yako. Fanya lile unalolifanya, ila lifanye mahali ambapo mvulana anaweza kukuona, na umpe uzito wa kweli aushike.

Tena usichague tu wale ambao majina yao yameandikwa katika orodha ya yatima. Wapo ambao baba zao wako gerezani, wako mijini na nyumba nyingine, au wapo nyumbani lakini pombe imewachukua. Hao hawana orodha. Utawatambua kwa sababu wanasimama popote.

Na wewe kijana unayesoma haya huku huna wa kumwita baba, usingoje mtu mmoja aje mwenye kila kitu. Hatakuja, hata wenye baba hawakumpata mtu wa namna hiyo. Chukua kutimiza neno kwa mama yako, chukua kugawa kwa baba yako mkubwa, chukua kuomba msamaha kwa fundi wa jirani. Kisha uliza ni kazi gani iliyoachwa wazi nyumbani kwenu, uianze. Unaposali Sala ya Bwana na kulitamka neno lile la kwanza, usiogope kwamba hulijui. Mungu amekuwa akikutafsiria maana yake kwa mikono ya watu wake.

Leo nina karakana yangu ndogo Boma Ng'ombe, nina mke, na nina watoto wawili. Jumamosi mwanangu wa kiume huja karakana, na pamoja naye huja kijana mwingine wa mtaani kwetu ambaye sijamuuliza habari za baba yake. Bwana na atupe macho ya kuwaona walio kama yeye, na atupe upana wa kuwaachia upande mmoja wa mzigo.